Ukoko wa Tomi

Mama alinikuta na kijiko mkononi. Huku Aurora, jimbo la Colorado, ilikuwa saa tatu usiku. Kwake Kibosho jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Unapika nini usiku huu?"

Nikamwambia nafungasha chakula cha kesho. Haukuwa uongo. Nilichokimeza ni kwamba chakula chenyewe ni cha mbwa, na kwamba nilikuwa nakishindilia ndani ya kidude chekundu cha mpira, chenye umbo kama la mipira mitatu iliyobebana, uwazi katikati. Mama akasogeza uso kwenye simu hadi nikaona paji tu.

"Hiyo si ndizi?"

"Ndizi, mama. Na mtindi. Na siagi ya karanga kidogo."

"Ya nani?"

"Ya Daisy."

Alicheka mpaka akaiweka simu mezani, nikabaki natazama paa la jiko lake: mabati yenye masizi, na jogoo akiwika mahali nisipopaona. Paa lile nalijua. Nyuma ya jiko lile ndipo alipokuwa akila Tomi, mbwa wetu wa utotoni mwangu.

Tomi hakuwa na bakuli. Alikuwa na karai lililotoboka, limewekwa chini ya mgomba. Watu wakishakula, mama alimimina maji kwenye sufuria ya ugali, akauacha ukoko ulainike, akaukwangua kwa mwiko na kunipa nipeleke. Siku nyingine uliongezwa vichwa vya dagaa, siku nyingine maji yaliyosuuza chungu cha mchuzi. Hakuna aliyeuliza kama Tomi amependa. Chakula cha mbwa kilikuwa kile ambacho watu wamekiacha, nguruwe hakikumfikia na kuku hawakukiona. Katika foleni hiyo Tomi alikuwa wa mwisho.

Mimi ndiye nilikuwa mpelekaji. Nilimwaga kwenye karai, nikakimbilia mpira. Baba alikuwa na methali aliyoipenda, mkono mtupu haulambwi, na ingawa aliitumia kwa mambo ya wakubwa, mimi niliichukua kama sheria ya mbwa: Tomi ananipenda kwa sababu ya sufuria. Miaka yote ile, sikumbuki hata siku moja nilipobaki nikamwona akimaliza.

Alichopenda zaidi ni mfupa. Ule wa supu, baba akishaugonga na kunyonya uroto, Tomi alikwenda nao chini ya mibuni, akaushika kwa miguu ya mbele na kuuguguna mchana kutwa. Mifupa ilipokosekana alijitafutia. Aliwahi kutafuna katambuga za babu, zile za tairi la gari, akamaliza moja na kuanza ya pili. Kwa kosa hilo alipigwa fimbo, na aliyetumwa kuikata fimbo ni mimi.

Katambuga zile nilizikumbuka hapa Colorado, siku niliposoma habari ya hiki kidude, Kong. Kilizaliwa hapa hapa jimboni. Katika miaka ya 1970 Joe Markham alikuwa na mbwa wake Fritz, German Shepherd aliyestaafu upolisi, ambaye alikuwa anayamaliza meno yake kwa kutafuna mawe. Siku moja, Markham akiwa anatengeneza kombi ya Volkswagen, alimrushia vipuri hiki na kile ili ayaache mawe. Fritz akachagua kipande cha mpira kilichotoka kwenye springi. Kutoka hapo likaja wazo, na mwaka 1976 ikaanzishwa kampuni. Makao yake yako Golden, kutoka kwangu si hata saa moja kwa gari. Mbwa mmoja alitafuna mpira wa gari, mwenyewe akakaa chini akafikiri. Wa kwetu alitafuna mpira wa gari, tukakata fimbo.

Kazi ya kukijaza nimejifunza kwa makosa. Siku ya kwanza nilitia punje kavu za dukani, Daisy akakibiringisha mara mbili, zikamwagika zote kabla sijafunga kamba za viatu. Siku ya pili nikashindilia siagi ya karanga tupu, nikaigandisha. Alilamba, akachoka, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbwa mgeni wa mchezo huu huanza na kilicholegea, apate ushindi mapema, ndipo ugumu uongezwe.

Sasa nina utaratibu. Tundu dogo naliziba kwa kipande cha karoti kisichobana sana. Inafuata punje za dukani zilizolowekwa kwenye supu ya kuku, boga lililopondwa, wali kidogo wenye kuku asiye na mfupa, kisha mtindi usio na sukari. Mdomo mkubwa naufunga kwa ndizi mbivu. Napitisha mrija katikati na kuuacha humo mpaka vigande, kwa sababu hewa lazima ipite: kidude kisichopumua kinaweza kuunyonya ulimi wa mbwa ukanasa. Kinalala kwenye friza usiku kucha. Asubuhi kimekuwa jiwe, na jiwe hilo hulambwa nusu saa au zaidi. Nilichotia humo nakipunguza kwenye bakuli lake la jioni. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga kina kalori zinazokaribia 100, na kwa mbwa mdogo hiyo si chembe.

Siagi yenyewe siinunui kabla ya kusoma lebo. Nyingine zina zailitoli, sukari mbadala isiyomdhuru mtu, lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini. Zabibu huua figo. Chokoleti ni sumu. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu, ndiyo maana supu ya Daisy naichemsha peke yake, bila kitunguu wala chumvi. Na mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo.

Niliposoma orodha hiyo mara ya kwanza niliona karai. Maji ya mchuzi wa vitunguu. Mifupa ya jogoo wa Krismasi, ambayo nilimrushia kwa moyo mweupe kabisa, nikidhani na yeye namsherehekea. Tomi aliyapitia yote hayo na bado akaishi miaka 11. Ni bahati yake tu. Ujuzi wetu haukuchangia kitu.

Hata hivyo Tomi alikuwa na kitu ambacho sijui nikitie vipi kwenye mpira. Alikuwa na kazi. Usiku alilinda boma, alfajiri alimsindikiza mama kukata majani ya ng'ombe, mchana aliwabwekea watu aliowafahamu vizuri sana. Nyumba ile haikuwahi kuwa tupu. Daisy anakula vizuri kuliko nilivyokula mimi nikiwa darasa la tano, halafu nafunga mlango, nakwenda kwenye zamu ya saa 12.

Wiki iliyopita nilirudi nikakuta kidude mlangoni, pale pale nilipokiacha. Ndizi imekuwa nyeusi, mtindi umefanya kidimbwi kwenye zulia. Hakukigusa. Daisy alinirukia, akanilamba vidole vyote kumi, ambavyo havikuwa na kitu zaidi ya harufu ya sabuni ya kazini. Ndipo akakichukua, akaja kujilaza juu ya viatu vyangu, akaanza kula. Daktari wa mifugo aliniambia hilo analiona mara kwa mara: mbwa anayeogopa kubaki peke yake anaweza kukaa na njaa mpaka mwenyewe arudi.

Nilimsimulia mama. Safari hii hakucheka.

"Kama Tomi," akasema.

"Tomi alifanyaje?"

"Ulipokwenda bweni, kidato cha kwanza. Nilimpelekea ukoko mwenyewe. Alinusa tu, akaenda kulala njiani pale ulipopandia gari. Siku tatu, baba. Kuku wangu walinenepa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Ulikuwa unalia kwenye barua."

Jumapili hii sina zamu. Kong nimeiacha kwenye friza. Nimesonga ugali, nimeuacha kwenye moto mdogo mpaka ukashika chini, nimemimina maji na kusubiri. Ukoko umetoka mzima, kahawia, ukinuka jiko la Kibosho. Nimeumega kwenye bakuli, nikamwekea Daisy, na nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Ameshafika nusu. Simu inaita, aliyepiga atasubiri.