Ulimi wa Ndugu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako wamo watoto waijuao ile picha ya E.T. aliyoitengeneza Steven Spielberg mwaka 1982. Ni kisa cha kubuni cha kiumbe wa sayari nyingine aliyeachwa na wenziwe hapa duniani, akafichwa nyumbani na ndugu watatu: Michael, Elliott, na Gertie kitinda mimba. Baba yao amewaondokea. Mgeni wao hajui lugha, na anayemfunza kusema ni Gertie.

Picha hiyo imetiwa sauti za lugha nyingi. Katika nchi kama Ufaransa, Ujerumani na Italia, wasemaji huitazama picha wakalinganisha maneno yao na midomo ya wachezaji. Herufi zifungazo midomo, kama b, m na p, ndizo zitakazo uangalifu zaidi.

Sisi sauti yetu ilikuwa kakangu. Tuliitazama kwa jirani, kwa mkanda wa video, naye peke yake ndiye aliyejua Kiingereza. Ikafika pale wanapokula. Elliott asema baba yuko Mexico na mwanamke mwingine, mama yao aumia moyo, na Michael amkemea nduguye kwa kutojali wenziwe. Kakangu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba yuko safarini. Mama amemkumbuka."

Baba yetu naye alikuwa ametuacha mwaka ule ule, na mamangu alikuwa ameketi nyuma yetu.

Nilipojifunza Kiingereza ndipo nikajua maneno yale hayakuwamo. Kijana wa miaka 14 alikuwa amechagua la kumsikilizisha mamake.

Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwani ni fasaha zaidi wa ulimi. Habari hiyo imo katika Suratul-Qasas. Ndugu ni ulimi wa nduguye.

Nasi tukaja kugombana, mimi na kakangu, juu ya kugawana nyumba baada ya mama kufariki. Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, sisi tulitimiza miaka miwili. Hata juzi wanangu wakaiweka picha ile. Ilipofika pale mezani, mdogo akaniuliza, "Wasemaje?" Nikajikuta namjibu: "Baba yuko safarini. Mama amemkumbuka." Nikatoka uani, nikampigia simu kakangu.

Habari za nyumba hakuzitaja. Aliuliza, "Watoto hawajambo?"

Ndugu msomaji, kama yuko nduguyo aliyewahi kukukinga na neno chungu ungali mdogo, usimwache akafa mmenuniana. Mtafute leo, umwanze wewe kwa salamu.

Wabillahi tawfiq.