Kikohozi cha Saa Tisa

Jumatano, 3 Julai 2024

Baridi ya leo, jamani. Asubuhi majani uwanjani yalikuwa meupe. Watoto wamekuja wamejifunga vitenge vya mama zao juu ya sweta. Njombe ni Njombe.

Kidevu kinaniwasha. Kwa chini, pale kinapokutana na koo. Nimejikuna kutwa nzima, na upele hakuna. Halafu miayo, miayo isiyo ya usingizi. Nimejiambia ni uchovu wa kufungua shule.

Pampu ya bluu: mara moja, baada ya kupanda kile kilima cha kutoka sokoni. Huwa nakipanda bila pampu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeamka saa tisa usiku kwa kikohozi. Kikavu, cha kukwaruza, hakitoi kitu. Nimeketi, kikatulia. Nimemalizia usiku nimeegemea mito miwili. Mafua yanakuja, nikasema.

Darasani nilikuwa nasoma imla. Sentensi ndefu, nikaikata katikati nivute pumzi. Mtoto wa dawati la mbele akainua kalamu: "Mwalimu, tuweke nukta?" Nikasema hapana, endeleeni. Nimelifikiria swali lake hadi jioni.

Usiku tumeota jiko la mkaa sebuleni, mlango umefungwa. Joto tamu. Mara kifua kikaanza kulia chinichini, kama paka aliyefungiwa chumba cha mbali. Nikatoka barazani, baridi nayo ikanikaba. Ndani moshi, nje baridi, niende wapi?

Bluu: mara 3 leo. Wiki iliyopita sikuigusa kabisa.

Ijumaa, 5 Julai

Kikohozi tena. Saa tisa ileile.

Niseme kweli, maana humu sina wa kumdanganya. Pampu ya kahawia niliiacha tangu Mei. Nilikuwa mzima, sikohoi, nalala usiku kucha. Nikaona ya nini kuvuta dawa kila siku kama mgonjwa. Kumbe uzima wenyewe ulikuwa kazi ya ile dawa. Bluu inafungua njia ndani ya dakika chache, unashukuru, na baada ya saa nne au tano imekwisha. Uvimbe wa ndani umebaki palepale. Kahawia ndiyo inayoutuliza, siku kwa siku, na huisikii ikifanya kazi. Ndiyo maana ni rahisi kuiacha.

Nimekitafuta kile kipimo cha kupuliza. Kilikuwa nyuma ya vikombe vya wageni, kimejaa vumbi. Nimesimama wima, nimepuliza mara tatu, nikachukua kubwa: 290. Siku zangu njema ni 400. Chini ya 320 ni hatari imeshaanza. Chini ya 200 ni kukimbia.

290. Haya si mafua, ni pumu.

Nimetengeneza chupa. Ya maji, nusu lita. Nimetoboa kitako kwa waya wa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, nimeosha kwa sabuni, nimeiacha ijikaushe bila kuifuta. Muuguzi alinifundisha mwaka juzi. Bila chupa, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi na koo.

Ya kahawia nimeanza tena. Nimesukutua.

Mama kanichemshia tangawizi, nimekunywa. Kataka nijifukize kwa majani ya mkaratusi, nimekataa. Harufu ile kali inanibana zaidi. Hakukasirika. Kaniangalia muda mrefu. Najua alikuwa anamwona nani. Nami nilikuwa namwona.

"Tungoje kukuche." Ndivyo tulivyosema usiku ule tulipompoteza. Sote, na mimi nikiwamo.

Jumamosi, 6 Julai, usiku

Saa 8:10. Mabega yamepanda hadi masikioni. Nimekaa nimeinama mbele, mikono magotini. Mluzi unasikika bila kutega sikio. Nimevuta bluu mara 4 kwa chupa: tikisa, bonyeza mara moja, pumua ndani ya chupa taratibu mara nne au tano, ndipo ubonyeze tena. Naandika saa. Lazima niandike saa.

8:30. Imelegea kidogo tu. Kipimo 220. Nyingine 4.

8:50. 230. Nimemwambia baba watoto aniitie bajaji. Sauti imetoka vipande vipande. Niitie. Baja. Ji.

Nyingine 4. Mama yuko mlangoni, kitenge mabegani, viatu keshavaa. Kasema neno moja: "Hatungoji."

Jumamosi, mchana

Kituo cha afya. Mkono bado hautulii, mwandiko mbaya.

Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kilisoma 92. Barakoa, mashine ya mvuke wa dawa, mara tatu ndani ya saa moja. Kulipokucha, 97. Nimepewa prednisolone, vidonge 8 vya miligramu 5, kwa pamoja kila asubuhi baada ya kula, siku 5. Nisiache katikati hata nikijiona mzima. Hilo la mwisho daktari kalirudia akinikazia macho.

Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. "Umefanya vizuri kuja ukiwa bado unaongea, mama." Akageuza daftari langu, akasoma tarehe kwa kidole. Kidevu. Kikohozi cha saa tisa. Bluu mara 3. Kidole kikasimama kwenye 290. "Siku ya kuja ilikuwa hii. Ijumaa, mchana, kwa miguu yako."

Sikuwa na la kujibu.

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kooni hadi sasa. Kwamba wengine huletwa kifua kimenyamaza. Mluzi hausikiki tena kwa sababu hewa haipiti. Nyumbani wanadhani mgonjwa kapata nafuu.

Usiku ule pia kilinyamaza. Tukasema, afadhali, amelala. Mama akamfunika blanketi.

Sijamwambia Mama. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, hakusikia. Sijui kama nitamwambia.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Nimelala kutwa. Moyo ulikuwa unadunda kwa ile dawa, sasa umetulia. Njaa ya ajabu, nimekula viazi sahani mbili.

Kwaya wameimba bila mimi. Upepo umeniletea sauti zao hadi kitandani. Sauti ya pili ilipwaya mahali pangu.

310. Bluu mara 4.

Jumanne, 9 Julai

350. Nimelala hadi saa 11 alfajiri bila kukohoa hata mara moja. Nimelala chali! Nilisahau kwamba kulala chali ni neema.

Jiko la mkaa limehamia bandani. Tutajifunika mablanketi. Yameanikwa juani yote, na mazulia yamekung'utwa, mimi nikiwa mbali.

Darasani nimerudi. Ubao sasa unafutwa kwa kitambaa chenye maji. Nimewaonyesha mkoba wa kijani ninaowekea pampu na chupa. Mwalimu akinyamaza ghafla na kuinama, mmoja alete mkoba, mwingine akimbie kwa mwalimu mkuu. Yule wa dawati la mbele kauliza kama kuna jaribio. Nimesema ndiyo. Tumefanya jaribio mara mbili, wamekimbia vizuri.

Ijumaa, 12 Julai

Vidonge vilikwisha jana. Leo asubuhi nilikuwa mzima kabisa, na mkono ukaipita ya kahawia ukachukua kikombe cha chai. Ukaipita hivihivi. Nimerudi kutoka getini kuivuta. Sasa inakaa kando ya mswaki.

Jumapili, 14 Julai

390. Bluu: sifuri.

Nimeimba. Ubeti mzima kwa pumzi yangu mwenyewe.

Nimebandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni.

320 kwenda juu: kahawia asubuhi na jioni, hata akiwa mzima.

Chini ya 320, au kikohozi cha saa tisa, au bluu inaongezeka: bluu kwa chupa, na kituoni siku hiyohiyo.

Chini ya 200, au hamalizi sentensi: bajaji sasa hivi, anavuta bluu njiani.

Mama macho hayamsaidii, kaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akayarudia yote bila kukosea. Akakaa kimya, mkono juu ya meza.

"Na kikinyamaza?"

Alisikia. Siku ile, kwenye benchi, mlango ulikuwa wazi.

Nimechukua kalamu, nimeongeza mstari wa nne mbele yake: Kikinyamaza naye hawezi kuongea, hajalala. Mpelekeni.