Kutoka Loresho hadi Mtaa wa Biashara

Alfajiri, Barabara ya Kaptagat, Loresho, huwa na mikondo miwili. Mmoja ni wa magari yanayotoka malangoni kuelekea Waiyaki Way. Mwingine ni wa watu wanaopanda kwa miguu kutoka Kangemi na Kibagare kuja kuyafungua malango hayo, kupika, kufua, kulea watoto na kukata nyasi. Nilisimama kando ya mikondo hiyo kabla ya kuanza safari ya kwenda katikati ya jiji. Nilitaka kuliona swali moja kwa macho: nani anaishi wapi Nairobi, na kwa nini?

Loresho ya leo haina rangi moja. Majirani wa ukuta kwa ukuta wanaweza kuwa profesa Mluhya, mfanyabiashara wa Kihindi aliyehama Parklands, wakili Mkikuyu na Mzungu anayefanya kazi Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Haikuwa hivi zamani. Mwaka 1913 daktari Mwingereza, Profesa W. J. Simpson, alipendekeza Nairobi igawanywe kwa rangi, kila watu na eneo lao, akidai kwamba afya ya jiji inadai hivyo. Miinuko ya magharibi na kaskazini, yenye baridi na udongo mwekundu, ikawa ya Wazungu. Wahindi wakapewa Parklands, Ngara, Pangani na Eastleigh. Waafrika, waliohesabiwa kuwa wapita njia wenye kitambulisho cha kipande shingoni, wakasukumwa mashariki kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, kuanzia Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923, uitwao Waraka wa Devonshire, uliondoa utengano wa lazima mijini. Lakini yale ambayo serikali iliacha kuyaamuru, wenye ardhi waliyaandika wenyewe kwenye hatimiliki: nyumba hii isiuzwe wala kupangishwa kwa asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wake alale kibandani nyuma. Marekani ilikuwa na masharti ya aina hiyo hiyo, hadi familia ya watu weusi ya St. Louis, akina Shelley, ilipofikisha kesi yake katika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1948 ikaamua kwamba mahakama za nchi hiyo haziwezi kuyatekeleza. Kenya ilisubiri uhuru.

Ukishuka hadi Waiyaki Way na kuvuka, unaingia Kangemi. Hatua ni chache, tofauti ni kubwa.

Kangemi haikuzaliwa kama mtaa wa jiji. Ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu, nje ya mipaka ya manispaa, hadi mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru ikaimeza pamoja na Kawangware na Dagoretti. Ndiyo maana wengi wa wenye ploti za asili ni Wakikuyu, waliorithi vipande vya babu zao na kujenga vyumba vya kupangisha, huku wapangaji wengi wakiwa Waluhya waliokuja kutoka magharibi kutafuta kazi. Sokoni asubuhi ile, "Mulembe" ilisikika sawa na "Wĩ mwega". Mama mmoja wa mboga, aliyekuwa akikata sukuma wiki bila kuutazama mkono wake, alimwita mteja mzee "shosho" kwa Kikuyu, akamgeukia kijana wa bodaboda na kumtania kwa Kiluhya, kisha akanihudumia kwa Kiswahili. Papa Francis alipozuru parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi hapa tarehe 27 Novemba 2015, alilaani waziwazi unyakuzi wa ardhi na ukosefu wa maji na vyoo. Miaka imepita, na anayepanda kwenda Loresho asubuhi bado anaacha nyuma mtaa ambao maji yake hununuliwa kwa mtungi.

Mchanganyiko wa makabila katika jiji hili una historia ya mkono wa chuma pia. Tarehe 24 Aprili 1954, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, jeshi la Waingereza lilianzisha Operesheni Anvil: Nairobi ikazingirwa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa mtaa kwa mtaa, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Nafasi zao kazini na vyumbani zilichukuliwa na Waluo, Waluhya na Wakamba. Hali ya hatari ilipoisha mwaka 1960, waliofukuzwa walirudi na kuwakuta wengine wamekwisha kukaa. Anayedhani kwamba makabila ya Nairobi yalijipanga yenyewe kama yapendavyo, aanze kwa kuisoma tarehe hiyo.

Makanga wa matatu niliyopanda alipiga bati, tukaondoka. Barabara tuliyopita ina jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa Dagoretti aliyekamatwa na Waingereza na kufia Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa uhamishoni. Juu ya vichwa vyetu, tangu 2022, ipo barabara ya kulipia ya kilomita 27 inayoanzia Mlolongo na kushukia Westlands. Aliye na pesa hupita juu, aliye na haraka tu hubaki chini kwenye foleni.

Nilishukia Westlands kwa sababu ya mtu mmoja. Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, Mgoa, yaani mwenye asili ya Goa huko India, akawekwa kizuizini na wakoloni tangu 1954 hadi 1959, akatoka na kuendelea kupigania ardhi kwa wasio nayo. Tarehe 24 Februari 1965, akiwa mbunge, alipigwa risasi kwenye lango la nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Amezikwa City Park, Parklands, mwendo mfupi kutoka hapo. Katika bustani hiyo hiyo amelala rafiki yake Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka 1966, mwana wa baba Mgoa na mama Mmaasai. Ungemweka Murumbi katika eneo gani la ramani ya Profesa Simpson?

Parklands yenyewe bado ina harufu ya bajia na ubani wa hekaluni. Waoshwal, Wajaini kutoka vijiji vya Gujarat, wana kituo chao kikubwa hapa. Waismailia wana Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958. Wengi hufikiri Wahindi wote wa Kenya ni wazao wa vibarua wa reli. La. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kuijenga, karibu 2,500 wakafa, na walio wengi wakarudi kwao. Waliobaki ni kama 6,700. Wenye maduka wengi walikuja kwa nauli zao, wakifuata njia za biashara ambazo majahazi yalikuwa yamezipita karne nyingi kati ya Gujarat na pwani yetu.

Mwaka 1962 Kenya ilikuwa na Wahindi wapatao 177,000, na katika Nairobi karibu mtu mmoja kati ya watatu alikuwa Mhindi. Kisha zikaja sheria za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara, zilizowabana wasio raia, na Uingereza ikaharakisha sheria yake mwaka 1968 ili kuwafungia mlango wenye pasipoti zake. Kufikia 1979 walikuwa wamebaki chini ya 80,000. Julai 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44 la nchi. Nalipokea tangazo hilo kwa moyo mzito. Ni heshima iliyochelewa, lakini inasikitisha kwamba mtu ambaye babu wa babu yake alizikwa Nairobi alihitaji kuitwa kabila ndipo ahesabiwe mwenyeji. Makhan Singh hakusubiri. Tarehe 23 Aprili 1950, Kaloleni, Sikh huyu aliyeasisi chama cha wafanyakazi alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki, na baada ya wiki chache akakamatwa. Aliachiwa Oktoba 1961.

Ngara niliipita upesi. Nyumba za zamani za Wahindi, zenye majina na miaka ya ujenzi juu ya milango, sasa ni za vinyozi, maduka ya vipuri na hosteli za wanafunzi.

Mtaa wa Biashara, mjini, ndio uliokuwa Bazaa ya Wahindi. Bazaa ya kwanza ilichomwa moto kwa amri ya serikali mwaka 1902, baada ya tauni kugunduliwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa wake akiwa amepanda pundamilia. Wazungu waliushika ugonjwa huo kama hoja ya kuwatenga Wahindi; kwamba aliyeugundua alikuwa Mgoa halikuwahusu. Hatua chache kutoka hapo ipo Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Nilipoingia, wanafunzi walikuwa wamejaza meza zote, na nisingeweza kusema nani ni kabila gani.

Basi maktaba ilifunguka kwa sababu kulikuwa na mlango wa kufungua. Mitaa ni migumu zaidi. Rangi imetoka kwenye hatimiliki za Loresho, ikaacha nyuma yake bei, na bei inawaweka nje karibu watu wale wale ambao masharti ya zamani yaliwaweka nje. Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini. Kaunti ya Nairobi sasa inaruhusu maghorofa kupanda Westlands na kuisogelea Loresho. Inapotia sahihi vibali hivyo, idai sehemu ya nyumba iwe kwa kodi ambayo mpishi na mlinzi wa Barabara ya Kaptagat wanaweza kulipa, ili nao waishi karibu na malango wanayoyafungua kila alfajiri.