Mvua Igandayo

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mvua. Kina masika na vuli, manyunyu na rasharasha, na kina mvua ya mawe, ambayo huvunja migomba na kutisha watoto. Lakini hakina jina la mvua ishukayo ikiwa maji na kugeuka barafu mara igusapo kitu. Hiyo si aibu kwa lugha, kwani watu hawana haja ya kukipa jina kitu kisichowafikia. Wafaransa wa Quebec, huko Kanada, huiita verglas. Huwashukia mara kadhaa kila majira ya baridi. Nao humwaga chumvi njiani, hutembea kwa hadhari siku moja au mbili, kisha huisahau. Ajabu ya mvua ya Januari 1998 ni hii, kwamba haikuwashukia watu wageni nayo. Iliwashukia watu walioijua tangu utoto.

Sababu yake si siri. Hewa ya baridi ni nzito, nayo hulala katika bonde la mto St. Lawrence kama maji katika bakuli. Juu yake hupita hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko. Theluji itokayo mawinguni huyeyuka katika tabaka la joto, kisha huingia katika baridi ya chini. Walakini baridi hiyo ni tabaka jembamba, na tone hupita kabla ya kupata nafasi ya kuganda. Basi hufika likiwa maji yaliyo baridi kupita kiwango cha kuganda, yakingoja tu kitu cha kushika: tawi, waya, paa, kioo cha gari.

Watabiri wa hali ya hewa waliiona ikija wakatoa onyo, na onyo lao lilikuwa la kweli. Mvua ikaanza tarehe 5 Januari kama walivyosema. Jambo gumu halikuwa kujua kuwa itanyesha. Jambo gumu lilikuwa kuamini kuwa haitaondoka. Mifumo ya hewa ilikwama. Mvua ilipumzika na kurudi, ikapumzika na kurudi, mpaka tarehe 9 na 10. Dhoruba kubwa zilizokumbukwa, ile ya Montreal ya 1961 na ile ya Ottawa ya 1986, ziliacha milimita 30 hadi 40. Hii ilimwaga kadiri ya milimita 100 kusini mwa Montreal. Mwenye kusikia onyo huligeuza kwa kipimo cha kumbukumbu yake, na kumbukumbu ya watu wale, hata ya wahandisi wao, haikufikia nusu ya kile kilichokuwa njiani.

Miezi hiyo hiyo Afrika Mashariki ilikuwa ikighariki kwa mvua za El Nino, zilizochukua barabara na madaraja ya Kenya na Tanzania na kuliacha jina hilo la Kihispania katika vinywa vya Waswahili. Wako wataalamu wanaohusisha mvua zote mbili na joto la bahari ya Pasifiki mwaka ule, ijapokuwa kamba iunganishayo bahari hiyo na Quebec ni ndefu na ina mafundo mengi.

Nyumba nyingi za Quebec hupashwa joto kwa umeme, kwa kuwa mito ya kaskazini huutoa kwa wingi na kwa bei nafuu. Huo ni utajiri, lakini ni utajiri uning'iniao juu ya waya. Barafu ilipozidi, minara ya chuma ilianza kukunjika. Mmoja ulianguka ukauvuta wa pili kwa nyaya zake, na wa pili ukauvuta wa tatu. Minara kadiri ya 1,000 na nguzo za miti zipatazo 30,000 zilianguka. Watu zaidi ya milioni tatu wa jimbo hilo wakaingia gizani. Tarehe 9 Januari hata mitambo ya kusafisha maji ya Montreal ilisimama kwa kukosa umeme, na mji uliozungukwa na mto ukakaribia kukosa maji ya kunywa.

Wanajeshi wapatao 16,000 walitumwa kukata matawi, kusimamisha nguzo na kubisha hodi milango ya wazee. Katika mji wa Boucherville injini ya gari moshi iliondolewa relini ikaendeshwa juu ya lami ya barabara, ili mtambo wake utoe umeme kwa jengo la manispaa. Pengine hakuna picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi jinsi watu wa maarifa mengi walivyorudishwa kwenye werevu wa dharura.

Watu wapatao 30 walikufa nchini Kanada. Si wote waliouawa na baridi. Wengine waliuawa na moto walioukoka ili kuikimbia: jiko la mkaa lililoingizwa ndani, au jenereta iliyowashwa mahali pasipo hewa, ambayo hutoa sumu isiyo na harufu. Msomaji wa Nairobi au Arusha anakijua kifo hicho vizuri.

Mashambani taabu ilikuwa ya namna nyingine. Ng'ombe wa maziwa asiyekamuliwa huugua kiwele, naye hangoji fundi wa umeme. Wakulima walipokezana jenereta moja, ikitoka zizi hadi zizi usiku na mchana. Kisha maziwa yaliyokamuliwa kwa mashaka hayo yakamwagwa, kwa kuwa viwanda vilikuwa gizani. Mwenye jiko la kuni, ambalo pengine wanawe walikuwa wamelicheka, alijikuta ana majirani sebuleni.

Nyumba za mwisho zilipata umeme Februari, baada ya mwezi mzima na zaidi. Minara ilijengwa upya, mingine imara kuliko ya kwanza, iliyowekwa baina ya mingine makusudi ili izuie maanguko yasifuatane. Miti ya mepo haikuweza kuharakishwa hivyo. Utomvu wake huchemshwa ukawa shira, na mti huhitaji miaka kama 40 kabla haujatobolewa. Mche uliopandwa mwaka ule mahali pa mti uliovunjika bado haujatoa tone.