Seredani za Bibi

Kazi iliyonilisha maisha yangu yote, ya kupika mkate wa ufuta, niliipata jikoni kwa bibi, mtaani Kiponda, Unguja, nikiwa sijaanza hata skuli. Aliniketisha kwenye mbuzi nikune nazi. Yeye akakamua tui zito, akalitia kwenye unga wa ngano pamoja na hamira, chumvi na yai. Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Unga wa mkate wa ufuta si wa kukanda kama wa chapati. Ni laini, wa kumiminika nusu, nao hupigwa bakulini kwa mkono, juu chini, mpaka uvutike na kuuachia mkono. Bibi hakuwa na kikombe wala saa. "Piga, mjukuu wangu, bado huo," akisema, nami bega lishaniuma.

Kazi ya moto aliiweka yake mwenyewe. Kikaango kikavu kikishapata moto, akichovya kiganja majini, akautandaza unga, akanyunyiza ufuta. Chini ukishika, hukipindua kikaango chote kuelekea makaa, uso wenye ufuta ukaiva kwa joto la seredani. Mkate hauanguki maana umegandamana na chuma. Ukitia mafuta, umeupoteza motoni. Nilikuwa mwari ndipo aliponiachia kupindua, na siku hiyo alisimama nyuma yangu bila kusema neno.

Alipofariki nilirithi seredani zake nikaenda kuuza Darajani, karibu na soko lile la 1904. Msimu wetu ni Ramadhani. Baada ya alasiri watu hujipanga, kila mmoja anautaka mkate wa moto wa futari, na hapana mapumziko mpaka adhana ya magharibi.

Desemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima, haukurudi hadi Machi 2010. Waliokuwa na oveni za umeme walikwama. Mimi nilipiga unga kwa taa ya chemli, nikauza kila siku, na nikamshukuru bibi kwa kunizoesha makaa. Tangu hapo naamini, na nalisema wazi kwa yeyote anayeniuliza, kwamba ufundi huu haufai kuachwa utegemee swichi.

Wasichana wanaokuja kujifunza kwangu nawaanzisha kwenye nazi na unga, wanung'unike wasinung'unike. Mmoja sasa ana biashara yake Mwanakwerekwe, mwingine Bububu, na wote wawili hupindua vikaango vyao wenyewe.