Mjomba, Ami na Anko: Safari ya Kutoka Kinondoni hadi Mbagala

Tuliondoka Kinondoni Mkwajuni baada ya sala ya Ijumaa, watu tisa katika gari moja, tukimsindikiza mzee wetu kwenda Mbagala kumwozesha binti wa marehemu kaka yake. Baba wa binti amefariki, babu hayupo, na ndugu wa kiume hanaye. Kwa mpango wa sheria, walii ni mzee huyu. Lakini binti hakukulia Kinondoni. Alilelewa Mbagala na kaka wa mama yake, ambaye ndiye aliyemlipia ada, akampeleka madrasa na kukesha naye alipougua. Tulipoingia Barabara ya Kilwa na kuipita Mtoni kwa Aziz Ali, swali lilikuwa limekaa nasi garini: je, tunakwenda kumnyang'anya mtu haki yake?

Kijana mmoja alipiga simu kuwaarifu wenyeji kwamba tumekaribia kwa anko. Mara akamgeukia mzee na kumwuliza, "Anko, una maji?" Bibi aliyeketi mbele akacheka kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyu ni baba yako, na yule ni mjomba. Ukiwaita wote anko, utajuaje nani ni nani?"

Maneno ya bibi yalitufanya tuyatazame majina haya upya. Katika Kiswahili, ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na watu wengi wa pwani humwita ami, neno lililotoka katika Kiarabu. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba, naye humwita mtoto wa dada yake mpwa. Waarabu nao hutenganisha: huyu ni ami, yule ni khali. Wazulu wa Afrika Kusini humwita mjomba malume, yaani mama mwanamume. Wakikuyu wa Kenya humwita mama, neno lile lile ambalo sisi tunamwitia mzazi aliyetubeba.

Na anko je? Warumi wa kale, katika Kilatini chao, walimwita ndugu wa baba patruus, na ndugu wa mama avunculus, maana yake babu mdogo. Neno hilo la pili ndilo lililopita katika Kifaransa, likaingia Kiingereza, na hatimaye likashuka Dar es Salaam likiwa anko. Kwa asili yake, basi, anko ni mjomba. Lakini njiani lilimmeza na ami, na leo mjini kwetu limemmeza hata kondakta wa daladala.

Si vibaya neno kusafiri. Binamu ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwana wa ami, lakini Kiswahili kimempa jina hilo mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mtoto wa ami kwetu ni ndugu tu. Neno lilihama upande, na upande wenyewe ukabaki na alama yake. Hasara huja pale alama zote zinapofutika.

Mbagala tulipokelewa kwa heshima, lakini wazee wa upande wa mama walikuwa na neno lao. Wengi wa wakazi wa Temeke wana asili ya Wazaramo, Waluguru, Wamakonde na Wayao, ambao kwa mila koo zao huhesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye mkubwa wa wapwa zake. Mzee mmoja alisema waziwazi, "Aliyelea ndiye aozeshe." Ukumbi ukanyamaza. Mjomba mwenyewe aliinamisha kichwa.

Sheikh hakumkemea mtu. Alianza kwa kukumbusha kwamba Qur'ani inapowataja jamaa hawa haiwachanganyi. Katika Sura An-Nur, aya ya 61, nyumba za ami na za shangazi, za mjomba na za mama mdogo, zote zimetajwa, kila moja kwa jina lake, miongoni mwa nyumba ambazo mtu halaumiwi akila humo. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 133, wana wa Yaaqub walimhesabu Ismail miongoni mwa baba za baba yao, ilhali alikuwa ami yake. Kwa hiyo Mswahili anayemwita ami "baba" hakukosea. Na Mtume (s.a.w.) alimwita Saad bin Abi Waqqas mjomba wake na kujivunia naye, kwa kuwa Saad alitoka Bani Zuhra, ukoo wa Bibi Amina.

Kisha akafafanua. Uwalii wa nikaha umewekwa upande wa baba, na mjomba hauingii kwa nasaba yake. Katika mirathi pia, ami ni asaba na mjomba ni katika dhawul-arhaam, anayetanguliwa na wengi. Lakini sheria haikumfungia mlango. Anayetaka kumfadhili mjomba asiyemrithi anaweza kumwusia katika theluthi ya mali yake. Na walii, binti akisharidhia, anaweza kumpa uwakala mtu mwingine aozeshe kwa niaba yake.

Mzee wetu wa Kinondoni hakungoja aulizwe. Alipeleka watu ndani kuchukua idhini ya binti, na waliporudi na jibu alimshika mjomba mkono, akasema mbele ya wote, "Haki hii ni yangu, na nimekupa wewe uitekeleze." Mjomba alitamka maneno ya nikaha kwa sauti iliyokatika mara mbili.

Laiti pale ukumbini wangekuwapo maanko wawili tu, hakuna ambaye angejua nani ana haki ya kutoa na nani ana haki ya kushukuriwa. Kuunga udugu ni wajibu wetu, na atauungaje mtoto asiyejua unaanzia wapi? Wazazi wenzetu, tuwaketishe watoto wetu, tuwahesabie: huyu ni ami, huyu ni mjomba, huyu ni shangazi, huyu ni mama mdogo, na kila mmoja anaishi mtaa gani. Kisha tuwapeleke wakawasalimie.