Maneno ya Mama na Kiyoyozi cha Gari Letu



Sisi tuishio mwambao hatuhitaji kuelezwa joto la Februari na Machi, wakati kaskazi imelegea na kusi haijaingia. Jua ni kali, hewa imejaa unyevu, na jasho halikauki mwilini. Kijana huona karaha tu. Mtu mzima mwenye sukari na shinikizo la damu yumo hatarini, kwa kuwa mwili wake hujipoza kwa taabu. Jambo hilo tulikuwa tukilijua kwa kuambiwa. Mwaka huu tumelijua kwa kuona.

Sisi ni wakaza mwana wawili wa nyumba moja. Waume zetu wako kazini mbali, na dhamana ya kumpeleka mama mkwe wetu kliniki, kutoka Malindi hadi Mombasa, kiasi cha kilomita 120, iko mikononi mwetu. Gari la nyumba ni la zamani, la viti vinane, lakaribia miaka 20. Twalipenda kwa sababu mama hupata nafasi ya kunyoosha miguu. Lakini kiyoyozi chake kilikuwa kimedhoofu, na tukampelekea fundi. Fundi hakuuliza neno. Alitia gesi, akapokea shilingi 3,500, tukaondoka tukihimidi. Baada ya wiki tatu baridi ikapungua. Tukaenda kwa fundi wa pili, naye akatia gesi bila ya kuipima, akatoza kiasi kile kile.

Katika safari iliyofuata mama alisema, kwa sauti yake ya upole, "Wanangu, gari hili lina baridi likikimbia, likituama, latokota." Tulimjibu kwa adabu, lakini hatukumsikiliza. Tulidhani ni maneno ya uchovu wa safari.

Tulipofika Mtwapa tukanaswa katika msongamano. Matundu ya kiyoyozi yakaanza kutoa hewa ya vuguvugu, kisha hewa ya moto. Tulipogeuka tukamwona mama amelegea, macho mazito, akituita kwa majina ya binti zake. Tulisogeza gari kando, tukafungua milango, tukamlegezea buibui. Mama mmoja mwenye duka, ambaye hatumjui wala hatujui, alitukaribisha kivulini, akaleta maji na leso iliyoloweshwa tumpanguse uso na shingo. Allah amlipe kheri. Mama alirudiwa na fahamu zake kamili baada ya muda, tukafika kliniki salama. Lakini usiku ule alitamka neno lililotuuma: kwamba hatasafiri tena. "Ajali yangu haina mahali. Niacheni nyumbani." Tarehe ya kliniki iliyofuata ikapita bila ya kwenda.

Hapo ndipo tulipoanza kulaumiana, huyu akisema gari liuzwe, huyu akisema fundi ametudhulumu. Hatimaye jirani alituelekeza kwa fundi mwingine Mombasa, mtu wa makamo, mchache wa maneno. Hakugusa gesi. Alituuliza: "Upepo ni mdogo, au upepo upo lakini hauna baridi?" Hatukuwa tumewahi kufikiria kwamba hayo ni maradhi mawili. Kisha akauliza: "Hubadilika gari likisimama?" Tukatazamana. Tukamweleza yale aliyoyasema mama. Fundi akatabasamu: "Mgonjwa wenu ndiye aliyewapa jibu."

Alitueleza kwa utaratibu. Mbele ya gari mna kondensa, inayotoa nje joto lililotolewa ndani. Gari likienda kasi, upepo wa njiani huipoza. Likisimama, feni ndiyo hufanya kazi hiyo. Feni ya gari letu ilikuwa imekufa mota, na mapezi ya kondensa yameziba kwa vumbi na kuliwa na chumvi ya bahari. Ile gesi ya pili, iliyotiwa kwa kukisia, ilikuwa imezidi kipimo, ikaongeza shinikizo na kuzidisha joto pale pale penye foleni.

Upepo nao ulikuwa mdogo kwa sababu yake nyingine. Nyuma ya kisanduku cha dashibodi alichomoa chujio la hewa lililojaa vumbi, manyoya ya paka na majani ya mwarobaini tunapoegesha gari. Mwisho akatuonyesha doa la mafuta kwenye kiungio cha bomba, akapaka povu la sabuni, nalo likatoa mapovu. "Gesi hailiwi na gari," alisema. "Ikipungua, imevuja. Anayekutilia gesi bila ya kutafuta tundu, anakujazia maji kwenye mtungi uliopasuka."

Alibadilisha mpira wa kiungio, mota ya feni na chujio, akaosha kondensa, akanyonya hewa na unyevu ndani ya mabomba, kisha akatia gesi kwa mizani, kwa kipimo kilichoandikwa chini ya boneti. Jumla ilikuwa shilingi 9,000. Tulikuwa tumekwisha kupoteza 7,000 kwa gesi ya bure, na dini yetu haijaruhusu israfu.

Kwa walio na gari la zamani, tumejifunza haya. Kwanza, chujio likaguliwe kabla ya gesi. Pili, angalieni baridi inabadilika wapi, njiani au katika foleni. Tatu, kabla ya kuwasha, fungueni madirisha dakika chache joto litoke, kisha zungusheni hewa ya ndani. Nne, hata msimu wa baridi kiwasheni kiyoyozi mara kwa mara, ili mafuta yatembee na mipira isikauke. Na mabomba ya gesi msiyafungue wenyewe. Gesi ile iko katika shinikizo kubwa na huweza kuunguza ngozi kwa baridi.

Ilitubidi tumwendee mama, tumwombe radhi, tumwambie kwamba penye wazee haliharibiki neno, ila sisi ndio tuliolipuuza neno. Alicheka, akaomba tu tupite dukani kwa yule mama wa Mtwapa. Tulikwenda. Msongamano ulitukuta pale pale, gari likasimama muda mrefu. Tulikuwa tukimchungulia kwenye kioo kila dakika, mara akanyoosha mkono akaichukua leso, akajifunika mabegani.

"Punguzeni, wanangu," alisema. "Mwanigandisha."

Wabillahi tawfiq.